Sikumposa Mgeni Rasmi

Sikumposa. Naanza na hilo kabla ya salamu, maana tangu Jumanne simu yangu haijalala. Shemeji yangu wa Muheza kapiga kuuliza kama mshenga nimeshampata au bado. Mpwa wangu, ambaye hata sikukuu huwa hanikumbuki, kanitumia picha ya pete. Na kuna mmoja humu humu, anajijua, kaandika, "Hongera mzee, damu bado inachemka." Jamani, damu yangu iko pale pale ilipokuwa. Kilichoachia ni soli.

Picha inayozunguka kaipiga Spana. Jina lake la kuzaliwa sitalitaja kwa heshima ya mama yake, lakini tuliofundishwa kazi pamoja tunajua kwa nini anaitwa Spana: ukimpa nafasi kidogo tu, anabana. Picha yenyewe ni ya kweli, siwezi kukataa. Aliyepiga goti moja ni mimi. Nilichokishika kwa mikono miwili kifuani ni kipaza sauti. Mama aliyekaa kitini, macho yamemtoka, ni mgeni rasmi. Ila tazameni vizuri sehemu ya chini. Miguu haipo. Miguu ndiyo ushahidi wote, na Spana kaikata, halafu kaandika, "Fundi kashindwa kuvumilia."

Sasa nisikilizeni mimi mwenye miguu.

Tarehe 28 Aprili, kwa wasiojua, ni Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi duniani. Chuo kimoja cha ufundi, sikitaji kwa sababu kimeshateseka vya kutosha kuudeki ule ukumbi, kiliamua kuita mafundi wawili wa zamani wazungumze na wanafunzi. Mimi niliombwa nieleze habari za mavazi ya kazi enzi zetu. Spana aliombwa aeleze habari za vinyanyulio, akasema koo linamsumbua, yeye atakaa tu mbele kunipa moyo. Koo! Mtu ambaye tangu Jumanne hajanyamaza.

Nilijiandaa. Niliandika kurasa nne kwa mkono. Nikaweka Sheria ya Viwanda ya 1950, ile tuliyoachiwa na Mwingereza, iliyokaa mpaka ilipokuja Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Nikaweka na hesabu ya kile chuma cha puani mwa sefti buti: kinatakiwa kihimili pigo la jouli 200, yaani kilo 20 zikidondoka kutoka kimo cha kama mita moja. Nilitaka wale vijana waone kwamba mzee hakuja kupiga porojo.

Maana ukiwaona leo unaweza kulia. Ovaroli ya bluu, kila mmoja yake. Buti, kila mmoja yake. Miwani, glavu, kofia ngumu. Mimi niliingia karakanani 1986, nina miaka 18, kando ya Barabara ya Pugu kabla haijaitwa ya Nyerere. Siku ya kwanza nilivaa suruali niliyorithi kwa kaka yangu: bugaluu. Bugaluu ilikuwa imeshapitwa na wakati miaka mingi, lakini nguo zilikuwa haba, na kile kitambaa cha chini mguu mmoja tu kilitosha kushona shati la mtoto. Nikaenda kusimama karibu na mashine ya kukereza, nishangae chuma kinavyozunguka. Fomani hakusema neno. Alichukua mkasi wa kukatia bati, akainama, akakata mguu wa kulia kuanzia gotini, akahamia wa kushoto. Alipomaliza ndipo akaniuliza, "Hujambo?"

Nilirudi nyumbani na kaptula. Mama akadhani nimeporwa. Mimi mwenyewe nilimchukia yule mzee wiki mbili nzima, mpaka siku mashine ile ile ilipomnyang'anya mtu tambara la kufutia mafuta. Likasokotwa likaisha kabla mwenye mkono hajajua kwamba hana kitu mkononi. Kuanzia siku hiyo nikawa nakunja hata mikono ya shati langu la kanisani.

Ovaroli zilikuwa nne, na wanagenzi tulikuwa kumi na mmoja. Tulivaa kwa zamu. Ikikufikia Ijumaa, unavaa jasho la watu wote tangu Jumatatu, kila mmoja unamtambua kwa harufu yake. Mitumba ilikuwa imeanza kuingia kwa wingi, ndio Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, kashika nchi, kwa hiyo moja ya hizo ovaroli ilikuwa na maandishi ya kiwanda cha maziwa cha Ulaya mgongoni, na zipu imekufa. Tuliifunga kwa waya. Ukibanwa na haja, unamtafuta mwenye koleo. Sabuni ilikuwa ya foleni, kwa hiyo madoa ya grisi tuliyatoa kwa mafuta ya taa, na jioni ukipanda daladala mvuta sigara akikusikia harufu anahamia kiti cha nyuma mwenyewe.

Mwenzetu mmoja alikuja na shati la nailoni linalometameta, tena kwenye kuchomelea. Fomani akamvua hadharani. Akamwambia, "Pamba ikiungua inakuwa jivu, unajipangusa. Nailoni ikiyeyuka inakuwa ngozi yako." Hilo nililiweka ukurasa wa pili wa hotuba. Sikufika ukurasa wa pili.

Viatu sasa. Tulivaa katambuga. Mnaoziita akala huko kwenu, ni zile zile, tairi la gari na mikanda ya tairi la gari. Misumari huikanyagi, unaipuuza. Ila vidole vyote viko nje, vimepanga mstari, vinangojea kuona leo kitadondoka nini. Waliojiweza walivaa gambuti, na mmoja wa waliojiweza alikuwa Spana. Kwa kuwa kaamua kuniposesha, na mimi natoa siri. Gambuti na kuchomelea havipatani, kwa sababu mdomo wa gambuti uko wazi juu, na cheche ikishaingia humo haina njia ya kutokea. Ilimwingia ya kwanza akaruka. Ikamwingia ya pili. Spana alicheza mdundiko mzima peke yake, bila ngoma, akaishia kutumbukiza mguu na gambuti lake ndani ya pipa la maji ya kupozea vyuma. Picha ya tukio hilo hakuna. Simu za kamera zilikuwa hazijazaliwa. Mungu anampenda sana Spana.

Mabuti yenyewe, haya ya aibu, niliyapata 1993. Mkandarasi wa kigeni alikuwa anafunga mitambo mahali, alipomaliza akasafisha stoo na kutugawia masalia. Ngozi nyeusi nene. Chuma puani. Soli pana lakini nyepesi, ubavuni imeandikwa kwamba haiogopi mafuta. Yalikuwa namba 44, mimi navaa 42, na kurudisha lilikuwa wazo la mwendawazimu. Nikavaa soksi mbili mbili.

Hapa nina jambo la kukiri, na naomba wanafunzi wa kile chuo kama mko humu mlipite haraka. Sikuwahi kufanya kazi na yale mabuti. Hata siku moja. Nani avalie kazi kitu kama kile? Karakanani niliendelea na katambuga zangu. Mabuti niliyavaa 1994 siku ya kwenda kujitambulisha ukweni, nikayavaa sherehe za Uhuru mara mbili, halafu nikayarudisha kwenye boksi lake, nikayazungushia magazeti na naftalini, nikayasukuma uvunguni. Kila mwaka mpya nayatoa, nayapaka kiwi, nayaonyesha wageni, nayarudisha. Mke wangu kajaribu kuyagawa mara tatu.

Jumanne asubuhi nikayatoa. Yalikuwa yanang'aa. "Baba Asha," mke wangu akasema, "hayo yamezeeka." Nikamwambia ngozi ikitunzwa haizeeki. Nikagonga pua ya buti kwa ufunguo, ngo, chuma kipo. Soli sikuigusa. Nani anagusa soli?

Ukumbi ule una marumaru zinazong'aa mpaka unaona ndevu zako ukiinama. Wanafunzi kama mia mbili. Mshereheshaji akanguruma, "Tumkaribishe mkongwe wa uchomeleaji!" Ningeweza kuwa nimeshakaa mbele kama watu wengine, lakini nilikuwa nimemwomba nianzie mlangoni, watu wayasikie mabuti yanavyoongea.

Hatua ya kwanza: ngo. Ya pili: ngo. Ya tatu: fyata.

Nikadhani nimekanyaga andazi, maana chai ilikuwa imeshapita. Nikaendelea. Hatua ya sita, kisigino cha kulia kikazama kama uko kwenye jaruba la mpunga. Ya nane, cha kushoto kikamfuata mwenzake. Nikatazama nyuma kwa jicho la pembeni, lile la mtu asiyetaka kuonekana anatazama. Nyuma yangu kulikuwa na mstari. Vipande vyeusi, vidogo, vya mviringo, vimepangana kutoka mlangoni mpaka niliposimama, kama mbuzi kapita. Binti mmoja wa safu ya mbele akautazama ule mstari, akanitazama mimi, akautazama tena mstari, halafu akavuta miguu yake chini ya kiti.

Mwenye akili angegeuzia hapo. Mimi nilikuwa na kurasa nne.

Nikafika mbele. Nikazingatia itifaki. Nikawapa Sheria ya 1950, kimya. Nikawapa jouli 200, kimya cha heshima. Nikaona sasa wameiva, ni wakati wa kuonyesha kwa vitendo. Palikuwa na kiti cha plastiki. Nikasema, na Spana ana video kwa hiyo siwezi kupunguza hata neno, "Vijana, tazameni soli ya kazi. Soli hii, miaka thelathini na ushee, haijawahi kunisaliti." Nikanyanyua mguu wa kulia niuweke juu ya kiti.

Mguu ukanyanyuka. Soli ikabaki.

Ilibaki pale pale nilipokuwa nimekanyaga, nusu nzima nusu vumbi, imeelekea kwa mgeni rasmi, kama kuna mtu haonekani kaja kupokea zawadi. Na mimi huku juu, mguu kitini, nawaonyesha watu mia mbili kipande cha karatasi ngumu kilichopasuka katikati, na kwenye ule ufa soksi ya kijani. Ndani ya soksi ya kijani kuna tundu, na ndani ya tundu soksi nyekundu. Bendera ya nchi nisiyoijua.

Hawakucheka. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Walikuwa watoto wenye adabu. Sauti moja tu ilitoka nyuma, ya huruma kabisa: "Pole, babu."

Nikashusha mguu. Sasa mguu wa kulia umekuwa mfupi kwa upana wa vidole viwili kuliko ule wa kushoto, nimesimama kama ngalawa iliyopata upepo wa ubavuni. Hapo ndipo ningesema asanteni na kukaa. Lakini mtu akishaaibika nusu hudhani anaweza kurudi kinyumenyume. Nikasema kwa sauti kubwa, "Soli si kitu! Muhimu ni chuma!" Nikamwita yule binti wa safu ya mbele, tulikuwa tumeshapanga kabla, aje na nyundo ya kilo mbili aidondoshe kwenye pua ya buti la kushoto.

Akaja. Akanong'ona, "Babu, una uhakika?"

"Achia, mwanangu."

Akaachia. Ngaaa! Na hapa naomba kitu kimoja kiwekwe wazi kwa wote mnaocheka: chuma kilishika. Vidole vyote vitano ninavyo, nimevihesabu mara mbili. Miaka yote ile, chuma kilisimama na kazi yake. Ila ule mshindo uliposhindwa kuingia vidoleni ukateremka kwa soli ya kushoto, ambayo nadhani tangu mlangoni ilikuwa inatafuta sababu. Hii haikung'oka kama ndugu yake. Ilitoa pumzi, pfuuu, ikawa unga na kokoto.

Nikatabasamu. Nikapiga hatua moja nyuma ili nipigiwe makofi. Mguu ukatua juu ya zile kokoto, juu ya marumaru.

Nyie mliowahi kuhamisha mashine nzito mnajua tunavyofanya. Unapanga mabomba ya mviringo chini yake, unaisukuma kwa kidole, tani mbili zinatembea zenyewe. Basi jamani, mashine nilikuwa mimi.

Nilianza kwa kurudi nyuma. Nikakataa, nikajivuta mbele, na mbele kukanipokea kwa furaha. Mguu wa kushoto ukatangulia. Wa kulia, ule mfupi, ukajaribu kuufuata ukakunjika. Mikono ikatafuta kitu cha kushika, ikakuta kipaza sauti, kikang'oka na kuja pamoja nami. Niliuona ukumbi unapita taratibu. Nilimwona mkuu wa chuo ananyanyuka kitini. Nilimwona mpiga picha wa chuo kaweka kamera chini, kwa ubinadamu. Nilimwona Spana kanyanyua simu juu, kwa mikono miwili, wala haitikisiki. Koo linamsumbua, mikono mizima.

Nikasimama. Yaani nikaacha kuteleza. Goti la kulia chini, la kushoto juu, mbele ya vidole vya mgeni rasmi, umbali wa shubiri moja. Kipaza sauti kifuani. Uso juu. Nilitaka kusema, "Mheshimiwa, naomba radhi." Lakini pumzi ilikuwa imekatika mahali fulani njiani, na vipaza sauti vya ukumbi mzima, vinne, vikatoa hivi:

"Mhe... mheshimiwa... naomba..."

Na radhi ikagoma.

Kimya. Mgeni rasmi, mama wa watu, mtu wa makamo, kajistiri vizuri na kitenge chake, akaniinamia. Akaongea kwa upole wa mtu anayembembeleza mgonjwa. Angekuwa na huruma zaidi angesogeza kipaza sauti pembeni kwanza.

"Inuka, baba. Mimi nimeshaolewa."

Adabu ya wale watoto iliishia hapo.

Yaliyofuata siyapi nafasi. Nilinyanyuliwa, nikapewa maji, mgeni rasmi akacheka mpaka akaomba leso, akasema hotuba yake haina haja tena. Mlinzi akaniazima kandambili. Mama wa usafi akanikabidhi soli zangu kwenye mfuko wa kaki, akasema, "Zote zimo, baba, nimefagia hadi chini ya viti." Spana akajitolea kunilipia bajaji, na kwa ushamba wangu nikamshukuru. Kumbe picha ilikuwa imeshatangulia. Nilimkuta mke wangu mlangoni, simu mkononi, anaikuza kwa vidole viwili.

"Mwaka 1994 uliyavaa ukaja kwetu," akasema. "Kumbe yale ni mabuti ya kuposea."

Mbele yangu hajacheka mpaka leo. Akiwa jikoni peke yake namsikia.

Jana nimeyapeleka Kariakoo kwa fundi viatu mmoja kijana. Kachukua kipande cha soli, kakisugua kwa vidole kikawa vumbi, kanipa pole. Akasema hizi soli za povu adui yake si mafuta wala misumari, ni unyevu wa hewani. Unaingia taratibu, unaivunja kutoka ndani, na aghalabu zinazooza hivi ni zile zilizofungiwa maboksini. Ya kuvaliwa kila siku ingekuwa imeshalika zamani na kutupwa, bila kumdhalilisha mtu. "Kwa hiyo, mzee, hukuwahi kuyavaa?" akauliza. Nikamwambia yalikuwa ya kazi maalumu. Nahisi picha alikuwa ameshaiona, maana aligeuka akawa anatafuta uzi kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutafuta uzi.

Ngozi nzima, kasema. Chuma kizima. Soli atashona ya tairi, na kaniuliza nataka la gari dogo au la lori. Miaka arobaini, nimerudi kwenye katambuga, safari hii zina chuma mbele. Nimemwambia la lori, lenye kashata zote. Jumamosi nakwenda kuyachukua, na Spana mkimwona mwambieni aje na simu yake. Ila picha aanzie chini.